Mawe ya Bafu la Mama

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu wa jukwaa la mafundi ujenzi, umelazwa juu ya matofali kati ya saluni ya Kinyozi na ukuta wa duka la vipuri. Anayewahi hupata kivuli, anayefuata hupata jua, na anayechelewa hupata msumari. Kila asubuhi Shangazi huja na jiko lake la mkaa na birika la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila jina lake lingine hakuna anayelikumbuka. Wateja wake wa kudumu ni Waziri, fundi wa friji aliyeitwa hivyo kwa wingi wa ahadi. Refa, ambaye kweli alichezesha mechi za mtaani enzi zake na mpaka leo akitaka kusema hunyanyua mkono kama anayeonyesha faulo. Milimita, fundi wa vigae, ambaye hata kiti akitaka kukikalia hukipima kwanza kwa macho. Na Kinyozi mwenyewe, ambaye hunyoa kwa mikono miwili lakini sikio moja huliacha kijiweni. Asubuhi hiyo Kinyozi alitoka saluni akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka la kunyolea, anatembea nacho taratibu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

— Hiyo keki au silaha? — aliuliza Waziri.

— Tulia uone.

Akafungua shuka. Ndani mlikuwa na kigae cha marumaru, cheupe, chenye mishipa ya kijivu, kimeng'arishwa mpaka Refa aliinama akajitazama meno.

— Sampuli tu hii, — alisema Kinyozi. — Nimeichagua kwa ajili ya bafu la mama.

Habari ya mama yake kijiwe kizima kilikuwa nayo. Macho yalimwacha polepole, kwanza sindano, kisha nyuso, mwisho hata mlango na dirisha vikawa kitu kimoja. Akaendelea kuishi peke yake, mbishi kama alivyo, mpaka alipoteleza bafuni kwake akateguka mkono. Hapo ndipo alipokubali kuhamia kwa mwanawe, lakini kwa sharti moja. "Nitaoga mwenyewe," alimwambia Kinyozi. "Sitaki mtu ndani, sitaki mtu anishike bega. Siku mtakaponiosha kama sufuria, siku hiyohiyo narudi kwangu." Na bafu la Kinyozi lilikuwa la saruji iliyochakaa, lina nyufa, maji yanatuama pembeni, utelezi umeota kama ukoka.

— Kimependeza mwanangu, hata mimi ningekiosha kila siku, — alisema Shangazi akimimina kahawa.

— Mama alipiga deki jengo la benki mpaka mimi nikamaliza shule, — alisema Kinyozi. — Sakafu yote ilikuwa hivi. Nikimfuata jioni alikuwa ananiambia, pita pembeni mwanangu, usichafue. Na yeye mwenyewe alikuwa anapita pembeni. Sasa nataka apate ya kwake. Akanyage katikati.

Hapo hakuna aliyefanya mzaha. Refa alirudisha kigae kwa mikono miwili. Milimita ndiye aliyekohoa.

— Nzuri. Tena nzuri sana. Lakini si ya bafuni.

— Unaanza.

— Sianzi, namalizia. Marumaru iliyong'arishwa ikipata maji na sabuni, hapo umejenga bembea, hujajenga bafu. Weka ukutani. Chini tafuta jiwe lenye ukwaru.

— Subiri kwanza, — Refa alinyanyua mkono. — Suala si ukwaru. Suala ni uzito. Mtu mzito hatelezi, jiwe linamshika. Mama yake ni mwembamba. Mpeni ndoo ya maji ashike kila mkono, mtaona kama atateleza.

— Mzee wa watu abebe ndoo mbili ili aoge? — aliuliza Shangazi.

— Ni mazoezi.

— Acheni hizo, — alisema Waziri. — Mimi nimefungua friji nyingi, baridi naijua. Jiwe ni kama friji isiyo na waya. Mchana linakusanya baridi, asubuhi linaitoa. Mtu akikanyaga, baridi inapanda, inamshtua, anaruka. Hatelezi, anaruka! Mnasingizia sabuni bure.

— Kwa hiyo dawa yake?

— Unaweka bomba la maji moto chini ya sakafu. Mimi mwenyewe nitalifunga. Nipe wiki.

Kila mtu alicheka, maana friji ya Shangazi ilikuwa kwa Waziri tangu mvua za mwaka uliopita, nayo ilipelekwa kwa neno hilohilo.

— Nyie mmewahi kuona mbuzi ameteleza mlimani? — aliendelea Waziri, hajali. — Anapanda mwamba uliosimama wima, hana hata kidole. Kwa nini? Kwa sababu jiwe la mlimani bado lina akili yake. Likishakatwa kiwandani linachanganyikiwa. Halijui juu ni wapi. Fundi akililaza kichwa chini, linamtupa mtu. Vigae vyote vinavyoangusha watu vimelazwa kifudifudi.

— Na mimi nitajuaje kichwa cha jiwe kiko wapi? — aliuliza Milimita.

— Wewe si fundi?

Kinyozi alikuwa hacheki. Alichukua kikombe chake cha maji, akakimwaga juu ya kigae, akaingia saluni akatoka na sabuni ya kunyolea, akaipaka.

— Haya. Mmoja wenu akanyage. Kama ni bembea, tuone bembea.

Waziri alijitolea, maana alikuwa na nadharia ya kulinda. Akavua kiatu, akavua soksi iliyokuwa na tundu la kidole gumba, akaweka mguu juu ya marumaru. Alisimama vizuri kabisa. Akafungua mikono kama mtu anayepokea makofi. Kisha akageuka kidogo ili Refa amwone.

Alivyokwenda haijulikani, ila alivyofika inajulikana: mapajani mwa Refa, na kahawa ya Refa kifuani mwake.

— Faulo! — alipiga kelele Refa, akinyoosha mkono kwa mazoea.

— Hajaguswa na mtu, — alisema Milimita.

Walicheka mpaka mwenye duka la vipuri akatoka kuuliza kuna nini. Katika purukushani hiyo kipande cha limau ambacho Refa hunyonya kwa ajili ya kikohozi kiliangukia juu ya kigae, kikakaa hapo huku watu wakimfuta Waziri kahawa. Kinyozi alipokuja kukiokota, pale kilipolala palikuwa pamebaki duara lililofifia, halina mng'aro. Akafuta kwa shuka. Akafuta kwa kiganja. Duara halikutoka.

— Hiyo haifutiki, — alisema Milimita, safari hii kwa upole. — Si doa. Limau limeila. Marumaru na limau ni wake wenza, na siki vilevile. Ukitaka kurudisha mng'aro mpaka usugue upya.

Kinyozi alikifunga kigae kwenye shuka, akaingia nacho saluni. Mteja aliyekuwa akimsubiri alinyolewa siku hiyo kimyakimya, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Mchana alimpigia mama yake simu. Alikuwa amejiandaa kumweleza kwamba bafu litachelewa, kwamba kuna mambo ya kiufundi. Mama hakumpa nafasi.

— Unaniwekea nini chini?

— Nilitaka marumaru, mama. Kama ile ya benki.

Upande wa pili kikalipuka kicheko, kicheko kirefu cha mtu aliyeshika ubavu.

— Mwanangu, ile sakafu iliniangusha mara nyingi kuliko marehemu baba yako alivyonikosea. Meneja mwenyewe alianguka mbele ya wageni, tukajifanya hatukuona. Nichukue unipeleke yanapouzwa hayo mawe. Nitachagua mwenyewe.

— Mama, sasa utachaguaje na...

— Na nini? Sema. Kwani mimi naoga kwa macho?

Basi wakaenda. Kinyozi alitaka waende wawili tu, lakini Milimita alisema bila fundi watauziwa kokoto, Refa akasema lazima awepo mtu asiyependelea upande, na Waziri akaja kwa sababu hakuna aliyemzuia. Shangazi alibaki na birika lake, akawaambia wasimchoshe bibi wa watu.

Duka la mawe lilikuwa ua mpana, vigae vimesimamishwa kwa safu, vumbi jeupe limetanda hata juu ya majani. Mama aliingia ameshika kiwiko cha mwanawe, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mkono uliokuwa umeteguka ameuweka kifuani. Aliomba kiti, akaomba ndoo ya maji, akavua viatu.

— Nilazieni chini moja moja. Halafu mmwagie maji.

Muuzaji alimtazama Kinyozi. Kinyozi akaitikia kwa kichwa kwamba fanya. Mama akainuka, akakanyaga kigae cha kwanza kwa unyayo mzima, akausukuma mguu mbele, nyuma.

— Hili linachubua. Mtu akipiga magoti hapa anaondoka bila ngozi.

La pili:

— Hili laini. Linabembeleza. Siliamini.

— Hilo ni jiwe la gharama sana, mama, — alisema muuzaji.

— Ndiyo maana linabembeleza.

La tatu lilikuwa na vishimo vidogovidogo. Milimita akawahi kusema kwamba hayo ni matundu ya asili, yanajazwa, ila yanakunywa uchafu kama hayajajazwa vizuri. Mama akasema yeye ana mashimo yake ya kutosha mdomoni. Waziri akajaribu kumweleza habari za kichwa cha jiwe na mbuzi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akauliza:

— Huyu naye ni fundi?

— Wa friji, mama, — alisema Kinyozi.

— Pole yao.

Walikuwa wameshapita safu mbili muuzaji alipoleta kigae cha jiwe lililopasuliwa kwa tabaka, mgongo wake una mawimbi madogo, si makali. Mama akakanyaga. Hakusukuma mguu. Akapandisha na mguu wa pili, akasimama juu yake na miguu yote miwili, maji yanamtiririka vidoleni. Akaachia kiwiko cha Kinyozi. Kinyozi akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Refa alimshika mkono huo akauteremsha.

— Hili, — alisema mama. — Hili halinidanganyi.

Aliposhuka, Milimita akaligeuza, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akadondosha tone la maji mgongoni na kulitazama. Akasema ni jiwe zuri, halinywi sana, lakini akashauri likatwe vipande vidogo, maana vikiwa vidogo nafasi za kati zinakuwa nyingi na unyayo unapata pa kushika. Ndipo wakakubaliana.

Kazi ya kulaza mawe ilianza mama akiwa ameshahamia, anakaa sebuleni kwenye kiti karibu na mlango wa korido. Milimita alivunja sakafu ya zamani, akaweka saruji mpya yenye mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, akaupima kwa pima maji mpaka mke wa Kinyozi akamuuliza kama anajenga bafu au uwanja wa ndege. Kabla ya kubandika alivipanga vipande vyote vikavu chini, akavichanganya, akavitoa, akavipanga tena. Kisha akapaka gundi chini na mgongoni mwa kila kipande, akakikandamiza, akakigonga kwa nyundo ya mpira.

— Kwa nini unapaka pande zote mbili? — aliuliza Kinyozi, aliyekuwa amefunga saluni ili ashike taa.

— Likibaki na uwazi chini, siku moja litapasuka. Ukiligonga linalia kama debe. Sikiliza hili. Limeshiba.

— La tatu kutoka mlangoni halijashiba, — ilisema sauti ya mama kutoka sebuleni.

Milimita aliacha nyundo hewani.

— Mama, hilo nimelipaka mwenyewe.

— Mimi nakuambia ninachosikia.

Fundi aliligonga. Akaligonga tena. Akamtazama Kinyozi, Kinyozi akatazama taa. Mwishowe Milimita alilichomoa kabla gundi haijashika, akaligeuza. Lilikuwa limejaa gundi kila pembe, hakuna hata upenyo wa kupitisha unywele.

— Limejaa, mama.

— Eh. Basi nisamehe, baba. Masikio yenyewe ya uzee haya. Nilidhani kwa kuwa macho yameondoka, masikio yamepandishwa cheo.

Milimita alitaka kununa, ikamshinda. Alicheka mpaka akakaa chini, akalipaka upya, akalirudisha. Toka hapo kila alipolaza kipande aliita, "Mama, hili vipi?" na mama anajibu, "Mpe pasi, aendelee na safari."

Mawe yalipokauka aliyapaka dawa ya kuziba vinyweleo, akajaza nafasi za kati, akafuta, akapaka dawa tena. Akamwita mke wa Kinyozi ampe masharti, na Kinyozi akasimama nyuma yao.

— Dawa kali ya chooni isifike hapa. Siki hapana, limau hapana. Maji na sabuni laini, suuza, vuta maji kwa mpira. Mara mojamoja dondosha tone la maji. Likisimama kama shanga, jiwe liko salama. Likinyonywa, niite nije nipake tena.

— Shemeji, mimi niliolewa na kinyozi, — alisema mke. — Sasa naona nimekabidhiwa jiwe nalo nililee.

— Jiwe halina usumbufu kama mumeo.

— Hilo nakubali.

Siku ya mama kuoga ilipofika, Kinyozi hakufungua saluni mapema. Alimpelekea maji ya uvuguvugu, akauongoza mkono wake ilipo ndoo, kilipo kigoda, ilipo sabuni. Mama akamsukuma nje akafunga komeo. Kinyozi akasimama koridoni. Akasikia kopo likigonga ndoo. Akasikia maji yakimwagika, yakielekea kwenye tundu. Kisha hakusikia kitu. Akasogea, akaweka kiganja kwenye ubao wa mlango.

— Wewe, — ilisema sauti ya mama ndani. — Hao unaowanyoa leo wanyolewe na nani?

— Nilikuwa napita tu, mama.

— Pita basi.

Akapita. Alifika kijiweni akakaa kwenye msumari na hakuusikia. Shangazi akampa kahawa bila kuuliza. Waziri akafungua mdomo, Refa akamkanyaga mguu. Wakakaa hivyo, wanatazama barabara, kila mmoja anajifanya ana jambo lake, mpaka waliposikia mke wa Kinyozi anasalimia watu kwa mbali. Alikuwa anakuja, amemshika mama mkono. Mama ametakata, kitambaa kipya kichwani, mafuta yanang'aa shingoni, anatembea kama mtu aliyetoka kushinda kesi.

— Hapa ndipo mnapokaa? — aliuliza.

Walisimama wote kwa mpigo mmoja na ubao ukaruka. Refa akampisha kivulini, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa diwani. Shangazi akampa kikombe, akamkunjia vidole juu yake.

— Vipi mama? — aliuliza Milimita.

— Nimeoga, — alisema mama. — Nimeoga nikiwa nimesimama, nikaoga nimekaa, nikaimba, nikasugua mgongo mpaka nikajuta. Hakuna aliyenishika bega. Mungu aibariki mikono yako, fundi. Na wewe wa friji, mbuzi wako nimemkumbuka.

— Nilisema mimi! — alisema Waziri.

Walicheka wote, hata Kinyozi, ambaye alikuwa ameinama anajifanya anafunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji. Mama akanywa kahawa. Akageuza uso huku na huku, akielekea zinakotoka sauti.

— Sasa niambieni, maana nimeyakanyaga vizuri ila sijayaona. Yale mawe yana rangi gani?

Refa alinyanyua mkono, mkono ukabaki juu. Waziri, mtu mwenye nadharia ya kila kitu chini ya jua, alitazama ndani ya kikombe chake. Milimita alifumba macho kukumbuka. Aliyashika yote kwa mikono yake, kipande kwa kipande, yakiwa makavu yana vumbi, yakiwa yamelowa, na kila alivyoyakumbuka yalikuja na sura nyingine. Mke wa Kinyozi alimtazama mumewe. Shangazi hakuwa amefika huko kabisa. Wakabaki wote wanamtazama Kinyozi.

— Sijui, mama, — alisema Kinyozi.

— Hujui? Si ulikuwepo dukani? Si ulishika taa siku zote za kazi?

— Nilikuwepo. Ila sikuyatazama mawe. Nilikuwa natazama miguu yako.

Mama alitafuta goti la mwanawe kwa mkono, akalipata, akakiacha kiganja hapo.

— Ni kijani, — alisema Waziri kwa sauti ndogo.

— Kijani? — Refa aliushusha mkono wake kwa nguvu. — Jiwe jeusi lile, wewe! Jeusi kabisa!

— Jeusi likilowa. Likikauka lina kutu, — alisema Milimita.

— Kutu ni rangi? Kutu ni ugonjwa wa chuma!

— Kuna pembe moja ina zambarau, — alisema mke wa Kinyozi. — Naisugua mimi, naijua.

— Zambarau! Jamani, zambarau bafuni!

— Shangazi, mwongeze mama kahawa, hapa patakucha, — alisema Refa, na tayari alikuwa amesimama anachora umbo la jiwe hewani kwa vidole vyake vyote.

Mama akanyoosha kikombe upande alikosikia birika likiinuliwa.